Mliniacha Mtoni



Juma lililopita kijana mmoja wa kwaya alituuliza kama ni dhambi kucheza Dungeons & Dragons. Mchezo huo ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Mmoja husimulia safari ya hatari, wengine hujitwalia kila mtu shujaa wake, na dadu huamua nani apite na nani akwame. Hatukumjibu upesi, kwa sababu swali lake liliturudisha Newala, mwaka 1991.

Tulikuwa watoto watano chini ya mkorosho, karibu na ukingo ambapo Uwanda wa Makonde hukatika ghafla na bonde la Ruvuma huonekana limetandaa hadi Msumbiji. Mmoja alisimulia, wengine walikuwa mwindaji, mganga, askari na mpagazi. Safari ilikuwa ya kwenda kwenye milima ya mawe ya Masasi, ambayo hakuna kati yetu aliyekuwa ameiona. Tuliamini kwamba ndani ya mlima Mtandi limelala joka linalozuia maji yote ambayo mama zetu waliyafuata bondeni, ndoo kichwani. Badala ya dadu tulirusha vijiti vinne vya mhogo vilivyopasuliwa. Vikilala vingi upande mweupe juu, umepita.

Tungali tunakumbuka jioni mwindaji alipomhadaa fisi kwa ngozi ya mbuzi. Tunakumbuka pia jioni mganga alipokufa, nasi tukamlilia kwa dhati hata bibi akatoka nje akidhani kuna msiba.

Mpagazi alikuwa mwenzetu ambaye familia yake ilikuwa imevuka Ruvuma kukimbia vita vya Msumbiji. Hakuchagua nafsi hiyo, tulimtwika. Usiku mmoja tulifika kwenye mto wenye mamba, na mtumbwi ulibeba watu watatu tu. Vijiti viamue nani abaki. Sisi tuliokuwa tukisimulia tulivirusha gizani, tukavifunika kwa kiganja, tukatangaza: mpagazi abaki. Hapo neno “sisi” lina maana ya mtu mmoja, naye ndiye anayewaandikia. Vijiti havikusema hivyo.

Mwenzetu aliinuka akaenda zake. Hakucheza nasi tena.

Mchezaji wa mapiko akishavaa kinyago chake haitwi tena kwa jina lake. Nasi tulijifariji kwamba mchezo wetu ulitufunika vivyo hivyo.

Miaka mingi baadaye, tukiwa tayari padre, tulikutana naye stendi ya Masasi. Tulisalimiana, tukaulizana habari za wazazi, tukacheka. Kisha akasema, “Padre, mliniacha mtoni.”

Tukajibu kwamba ulikuwa mchezo tu, mambo ya utoto.

“Siku tuliyovuka Ruvuma,” akasema, “mtumbwi ulijaa. Kaka yangu aliambiwa asubiri safari ya pili. Hakukuwa na safari ya pili. Nilikuwa nimekusimulia wewe peke yako.”

Tulikumbuka. Wazo la mtumbwi tulilitoa katika siri aliyotukabidhi, tukalifanya burudani.

“Na vijiti,” akauliza, “vilisemaje?”

“Vyote vinne vilikuwa vyeupe. Vilisema uvuke.”

Alikaa kimya mpaka utingo wa basi lake alipomwita. Ndipo akatushika mkono, akasema, “Basi, leo nimevuka.” Ni yeye aliyeturuhusu kuyaandika haya.

Kijana wetu wa kwaya, jibu lako ni hili: cheza. Joka la kwenye hadithi halina madhara. Lakini aliyekaa karibu nawe huja mchezoni na maisha yake yote, na jeraha unalomtia humo huenda nalo nyumbani. Naye aliyepewa kushika vijiti asome vilivyosema.

Tunawatakia Dominika njema.

Paroko wenu