Siku Moja ya Kinga Kando ya Ziwa



Mwezi uliopita mjukuu wetu alirudi kutoka shule na mchoro. Mwalimu aliwaambia wachore Ziwa Tanganyika. Yeye alichora mtumbwi mmoja umejaa watu usiku, midomo yote wazi, na maji akayapaka rangi nyeusi. Mtoto huyu amezaliwa hapa Nyarugusu, ziwa hajaliona hata siku moja. Tulitazamana. Nani alimpa ziwa lile kama si sisi wenyewe? Jioni zote tunasimulia mwisho wa 1996 tu, namna tulivyovuka. Basi siku hiyo tulimsimulia habari nyingine, na tunaiandika hapa maana nyumba zenye mchoro kama ule ni nyingi.

Ilikuwa Jumapili ya kiangazi, Julai 1995, tumeoana miezi minne. Tulikuwa na kinga moja aina ya Phoenix (watoto wa hapa wanasema baiskeli, lakini kwetu kinga ni kinga). Kila siku ilikuwa inabeba mihogo na makaa. Siku ile tukasema, leo ibebe sisi, bila kazi yoyote. Tutoke Uvira mpaka Makobola, kama kilometa 15, tukaangalie maji.

Tulipita bandari ya Kalundu asubuhi mapema. Ukienda kusini, ziwa liko mkono wa kushoto na milima iko kuumeni, karibu sana, barabara imebanwa katikati. Ng'ambo unaona milima ya Burundi, ya bluu. Wakati wa kiangazi upepo unatoka kusini, kwa hiyo kwenda ni kukanyaga kwa nguvu kabisa. Mmoja wetu alikanyaga, mwingine amekaa nyuma na kapu la mandazi. Penye mlima tulishuka wote tukasukuma. Mbele kidogo, penye tambarare, tukabadilishana: mke akakanyaga, mume akakaa nyuma. Mama mmoja aliyekuwa anaanika ndagala kwenye mchanga akapiga kelele: "Weye bibi-arusi! Unamupeleka bwana yako ku soko gani?" Tulicheka mpaka kinga ikaingia majanini.

Mwaka ule Uvira ilikuwa na wakimbizi wengi kutoka Burundi na Rwanda. Tuliwaona wakipanga foleni ya maji, tukawapita. Hatukufikiri kitu.

Makobola tulikula ugali wa muhogo na mikebuka ya mawese, kwa mzee ambaye hata hakutujua. Alituona tumekaa chini ya mwembe, akasema wageni hawali mandazi kama watoto. (Ninyi mnaokula unga wa mahindi wa mgao mtusamehe.) Watu wa Makobola, mnajua yaliyowapata mwisho wa 1998 na kuingia 1999. Hayo tumeyasimulia mara nyingi. Leo tunasimulia samaki wa mzee yule, na namna alivyokataa pesa zetu akaomba tu azunguke na kinga uwanjani mara mbili.

Mchana tulioga, tukalala kivulini. Hatukufanya kitu kingine. Mjukuu aliuliza, "Siku nzima bila kazi?" Ndiyo, siku nzima.

Kurudi, upepo ulikuwa mgongoni, kinga inakwenda yenyewe. Lakini mbele ya kufika Kalundu tairi la nyuma likapata pancha, na gundi tulikuwa tumeisahau nyumbani. Tukatembea kwa miguu, giza likaingia. Mwezi haukuwepo, na usiku wa namna hiyo ndio wavuvi wanatoka, maana ndagala wanafuata taa. Karabai zikawashwa moja moja, mpaka ziwa lote likawa kama mji. Tulisimama na kinga yetu mbovu, tukaanza kuzihesabu, tukashindwa.

Mtoto alinyamaza. Halafu akaleta kalamu ya njano, akauliza taa zilikuwa ngapi. Tukamwambia achore tu. Alizichora juu ya ule weusi, karibu na mtumbwi wa watu wanaolia. Mtumbwi hakuufuta.

Kisha akauliza ile kinga iko wapi. Tuliiacha kwa jirani, Oktoba 1996. Hatukuwa na muda wa kuitia upepo.