Usiku wa Ijumaa

Kadi ya kwanza ya harusi niliyoishika mkononi ilikuwa ya dada yangu mkubwa, mwaka 1983, nyumbani kwetu Kiponda, Unguja. Haikuwa na ua wala dhahabu. Ami yangu, karani wa ofisini, aliipiga taipu kwenye stensili, akaifunga kwenye mashine ya saiklostaili, akawa anazungusha mkono. Sisi watoto tulizipokea karatasi zinanuka wino, tukazitandaza mkekani zikauke. Kila kitu kilikuwa adimu siku zile, na karatasi zenyewe alizipata kwa kubembeleza, kwa hiyo kila moja tuliikata vipande vinne ili zienee.

Jina la dada halikuwamo. Mlikuwa na jina la baba, jina la mkwewe, msikiti, na maneno "baada ya sala ya Alasiri". Dada alikuwa "binti yake", basi. Kadi zile zilikuwa za wanaume wanaokwenda kwenye nikahi, na kwetu jina la mwari halikuwa la kuzungushwa barazani.

Wanawake hawakupewa karatasi. Mama alimtuma bibi mmoja wa mtaani, hodari wa maneno, nami nikamfuata nyuma nikishika ncha ya buibui lake. Tulipiga hodi kuanzia Kiponda mpaka Malindi, kisha tukavuka Darajani kuingia Ng'ambo. Kila mlango alisema yale yale: "Nimetumwa. Mama anakusalimuni, anakualikeni harusini kwa mwanawe. Msimwache mkono." Hapo maswali yakaanza. Waje watu wazima peke yao au na watoto? Anaozwa mtoto wa nani? Kutapigwa taarabu? Yote aliyajibu, akanywa maji, tukaondoka. Ilipofika magharibi miguu yangu ilikuwa imevimba.

Katikati ya miaka ya 1980 biashara ilifunguliwa, na kadi zikaanza kuingia na mizigo ya Dubai na Bombay. Nilipoolewa mimi, mwaka 1997, tulichagua kwenye maboksi: za mawaridi, za njiwa, za karatasi nzito yenye ukingo wa dhahabu. Zilikuja zimepambwa nje, ndani tupu. Kazi ya fundi ilikuwa kutia maneno. Fundi wetu alipanga herufi za risasi moja moja, kichwa chini na kinyumenyume, akizisoma upesi kuliko mimi nilivyosoma gazeti. Alipenda kujigamba kwamba Unguja ilikuwa ikipiga chapa tangu enzi za Sayyid Barghash, kabla Nairobi haijawa mji.

Maneno niliyaandika mwenyewe. Niliona "baada ya sala ya Isha" ni mambo ya kizee, nikaandika siku na saa: usiku wa Ijumaa, saa 2. Kila mtu wa Unguja alielewa kuwa ni Alhamisi jua likishazama, maana kwetu usiku hutangulia mchana wake. Jamaa za mume wangu wa Bara hawakuelewa hivyo. Waliteremka bandarini Ijumaa alasiri, wamevaa wakapendeza, zawadi mikononi, wakanikuta nakula wali uliobakia. Mama mkwe alicheka mpaka akatokwa na machozi. Mimi machozi yangu hayakuwa ya kucheka. Kadi ilikuwa ya thamani kuliko zote dukani, ila hapakuwa na wa kumuuliza, "Usiku wa Ijumaa ndio lini?"

Kitinda mimba wetu aliolewa mwanzoni mwa 2010. Wakati huo maduka yalikwishahamia kompyuta na printa, na mdogo wangu alitaka kadi ya rangi yenye jina lake. Lakini tangu Disemba 2009 waya wa umeme unaopita chini ya bahari kutoka Bara ulikuwa umeharibika. Unguja nzima ilikaa gizani mpaka Machi. Dukani kwanza tulitajiwa bei ya kadi, kisha bei ya mafuta ya jenereta. Aliyetuokoa ni kijana aliyekuwa akichapa fulana. Alipaka dawa kitambaa kilichokazwa kwenye fremu, akalaza maneno yetu juu yake, akaitoa juani. Jua likafanya kazi ya taa. Kisha akasukuma wino kwa mpira, kadi moja moja, kwa mkono, kama ami na saiklostaili yake. Jina la mdogo wangu lilitoka limepinda kidogo. Baba aliliangalia kwa muda mrefu, akasema, "Sawa."

Mwaka jana ikawa zamu ya binti yangu. Kadi yake ilitengenezwa kwenye simu usiku mmoja: jina lake kubwa kwa rangi ya dhahabu, ramani ya ukumbi, hata muziki. Tuliituma kwa watu 300 kabla chai haijapoa. Safari hii mtu angeweza kuuliza na akajibiwa papo hapo. Hakuuliza hata mmoja. Walirudisha vidole gumba na mioyo, nasi hatukujua nani anakuja na nani amepita tu.

Jirani yetu mmoja, mtu mzima, nilimwonesha kadi kwenye simu yangu. Aliishika mbali na macho, akaisifu, akanirudishia. "Nzuri, mwanangu. Na mwaliko mtauleta lini?"

Nikaenda kuchapisha kadi 30 za karatasi nyeupe, kwa ajili ya wazee. Nilimwambia binti yangu aandike jina lake, kwa sababu ni lake, na wakati auandike kwa sala, kwa sababu sala haina Bara wala Visiwani. Kisha tukavaa mabuibui, tukaanza na jirani, mlango kwa mlango. Zile 300 tulizituma kwa dakika kumi. Hizi 30 tulizigawa kwa siku nne, na waliopewa walifika wote.