Ubeti wa Umeme

Elimu ni bahari, wamesema wahenga, na aghalabu usemi huo hutumiwa kumtia hofu anayetaka kuogelea bila ya mwalimu. Asiyepita chuo kikuu huambiwa kwamba fizikia ya juu si yake, kwa kuwa mlango wake ni hisabati na ufunguo wanao wachache. Maisha ya Oliver Heaviside ni jawabu la kauli hiyo, ingawa ni jawabu lenye utamu na uchungu ndani yake.

Heaviside alizaliwa London mwaka 1850, mtoto wa mchonga picha asiye na mali. Maradhi ya utotoni yalimpunguzia usikivu. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 16, na miaka miwili baadaye akawa karani wa telegrafu, kwanza Denmark, kisha Newcastle, kaskazini mwa Uingereza. Kazi yake ilikuwa kupeleka maneno kwa waya uliolazwa chini ya bahari; waya wa aina hiyo, uliotoka Aden, ulifika Unguja mwaka 1879. Katika waya mrefu ishara hutoka safi upande mmoja, zikafika upande wa pili zimemwagikiana, hii haitambulikani na ile. Mafumbo ya namna hii yalimsogeza kwenye hisabati.

Mwaka 1873 James Clerk Maxwell alitoa kitabu chake kikubwa juu ya umeme na usumaku. Heaviside alikifungua, akatambua uzito wake, asikielewe. Alichokuwa nacho ni aljebra na trigonometria za shuleni, nazo kwa sehemu kubwa zilikwisha kumtoka. Mwaka 1874 aliacha kazi, akarudi kwa wazazi wake, akakaa na kitabu. Ilimchukua miaka kadhaa, na hakupata tena kazi ya mshahara maishani mwake.

Njia yake yafaa kuzingatiwa. Hakuiingia hisabati kama aingiaye ghalani kubeba kila kilichomo. Alichukua kile alichokihitaji kwa ukurasa uliokuwa mbele yake, kama mtu ajifunzaye lugha ngeni kwa ajili ya utenzi mmoja tu anaoupenda. Na mambo yenyewe hayako mbali na macho. Mwanafunzi wa umeme hana budi kupima namna kitu kinavyobubujika kutoka mahali, kama maji ya chemchemi, na namna kinavyozunguka, kama maji nyuma ya kasia. Mtoto wa pwani ameyaona yote mawili. Hisabati humpa herufi za kuyaandikia.

Mwaka 1865 Maxwell aliieleza nadharia yake kwa milinganyo 20. Katika miaka ya 1884 na 1885 Heaviside, kwa lugha ya vekta aliyojiundia, aliifupisha ikawa milinganyo 4. Mpenzi wa ushairi ataitambua idadi hiyo: ndiyo mishororo ya tarbia. Na kama ilivyo katika tarbia njema, ufupi haukuipunguza maana bali uliidhihirisha: umeme na usumaku vikaonekana wazi vikiitikiana, kama vina vya kati na vya mwisho. Milinganyo hiyo ndiyo isomeshwayo vyuoni hadi leo, ikiwa na jina la Maxwell. Huenda aliyesomeshwa tangu awali asingeiona haja ya kuifupisha. Aliyetaabika kuisoma peke yake ndiye aliyejua msomaji hukwama wapi.

Uchungu nao upo. Asiye na mwalimu hana wa kumsahihisha, wala hazoei kutoa hoja kwa desturi za wenziwe. Heaviside alizitumia kanuni zake kwa sababu zilileta majibu sahihi, si kwa sababu alikwisha kuzithibitisha. Royal Society, jumuiya ya wanasayansi iliyompokea mwaka 1891, ilikataa mwaka 1894 kuchapisha sehemu ya tatu ya makala yake juu ya kanuni hizo. Alifariki mwaka 1925, mtu mpweke mwenye kipato kidogo.

Basi anayejifunza peke yake hujitwika mawili: uhuru wa kuunda lugha yake, na deni la kuwathibitishia wengine kwamba lugha hiyo yasema kweli. La kwanza Heaviside alilitimiza. La pili walimlipia wanahisabati waliokuja baadaye, waliozitafutia kanuni zake uthibitisho, zikasimama.