Tutengeneze Kwanza Paa

Hapa Lubumbashi nyumba nyingi za Ruashi zilijengwa katika miaka ya 1950 na Office des Cités Africaines, shirika lililoundwa mwaka 1952. Mojawapo tuliachiwa na marehemu baba.

Tulipopata fedha kidogo za kuitengeneza, wadogo zetu walitaka kuanza na sebule: rangi, dari, viti vipya. Lakini ukuta wa chumba cha mama ulikuwa umelowa hata rangi ikabanduka, na mwezi wa Novemba, wakati wa mvua, ulikuwa karibu. Ukuta wa namna hiyo ukipigwa saruji, unyevu hufungiwa ndani.

Basi, tuliziba bati, tukachimba mfereji wa kuondoa maji msingini, kisha tukapiga lipu ya chokaa, ipitishayo unyevu. Fedha zikaisha. Dari haikununuliwa, na wadogo zetu wangali wananung'unika.

Sebuleni imebaki picha ya mambamuntu, iliyopendwa sana mjini humu katika miaka ya 1970. Wageni huitazama, wala hawaulizi habari za viti. Naye mama hulala pakavu. Nanyi mnaorithi nyumba za zamani, tazameni kwanza paa na msingi, mapambo yatafuata.