Chewa wa Kipupwe

Bahari ina majira yake kama shamba lilivyo na majira yake. Mkulima asiyejua masika na kiangazi hupanda bila kuvuna, na baharia asiyejua kaskazi na kusi huenda asikorudi. Katika pwani ya Dar es Salaam kaskazi huvuma tangu Novemba au Desemba mpaka Machi, na maji yakapata joto la nyuzi 29 au 30. Kisha kusi hushika zamu yake, na kati ya Juni na Agosti huja kipupwe: alfajiri huwa na baridi, maji hupoa mpaka nyuzi 25 hivi, na mawimbi ya bahari kuu huinuka kama ng'ombe waliotishwa na simba.

Watu walio mbali na pwani hudhani kuwa kipupwe ni mapumziko ya mvuvi. Sivyo. Kusi hufukuza vyombo vidogo katika maji makuu, lakini hakivifukuzi baharini. Jodari na sulisuli huachiwa wenye vyombo vikubwa na mioyo mikubwa. Wengine hukaa karibu na nchi kavu, nyuma ya visiwa na miamba ivunjayo nguvu ya mawimbi. Katika vitongoji vya Kinondoni, tangu Msasani mpaka Kunduchi na Mbweni, na ng'ambo ya pili Kigamboni, iliyokuwa sehemu ya Temeke kabla haijawa wilaya peke yake, wako manahodha wakodishao mashua kwa siku moja moja. Mgeni hulipa ujira, huja na kofia na matumaini, na katika miezi hiyo samaki atakaye ni mmoja: chewa.

Chewa hana mbio za jodari wala urembo wa kasuku wa baharini. Umbo lake ni nene, rangi yake ni ya mwamba na madoa, na kinywa chake ni kipana kama mlango wa ghala. Hafukuzi riziki, huingoja. Hukaa katika pango lake akatazama, na samaki mdogo apitapo mbele yake hufunua kinywa kwa ghafula, maji yakaingia kwa nguvu na mpita njia akaingia pamoja nayo. Akinaswa na ndoana hapigi mbio kwenda mbali kama wengine. Hurudi pangoni, akatanua mashavu yake na kujikaza katika jiwe mpaka mshipi ukatike. Kwa hiyo shauri lote huamuliwa katika pima mbili za kwanza. Mvuvi akikawia kuvuta kwa muda wa kupepesa jicho, amepoteza samaki, ndoana na chubwi kwa mara moja.

Wataalamu wa samaki wameeleza ajabu nyingine, ambayo haionekani kwa macho ya mtu aliye juu ya maji. Aina nyingi za chewa huanza maisha yao wakiwa majike. Hukua polepole, hutaga kwa miaka, na baadhi ya walio wakubwa hugeuka wakawa madume. Hivyo mzee wa mwamba, yule mnene ambaye kila mgeni hutamani kupiga picha naye, aghalabu ndiye dume wa mahali pale, na huenda hana mwenzake karibu. Amtoaye hatoi samaki mmoja tu. Hutoa miaka mingi iliyopita, na pengine mingi ijayo.

Serikali nayo imeweka neno lake. Mwaka 1975 Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini vilitangazwa kuwa hifadhi, na sheria ya mwaka 1994 ya hifadhi za bahari ikavitia chini ya ulinzi wake. Upande wa kusini wa jiji, visiwa vya Sinda na Kendwa vikaongezwa mwaka 2007. Mgeni aweza kuogelea huko, kutembea mchangani na kutazama matumbawe, kuvua hakuruhusiwi. Hapa ndipo fundo lilipo. Maji yaliyotulia wakati wa kusi ni yale yaliyokingwa na visiwa, na visiwa vyenyewe vimetengwa. Upepo humsukuma mvuvi kuelekea mahali ambapo sheria humzuia, na mtu hupimwa katikati ya viwili hivyo.

Nahodha mmoja wa Kunduchi alipimwa hivyo asubuhi moja ya Julai. Alikuwa mtu wa miaka sitini na kitu, mwenye mashua ndogo yenye injini, na mpwa wake kijana ndiye aliyekuwa baharia. Mgeni alikuwa mtu wa jijini, mpole wa maneno na mwenye haraka ya moyo, aliyelipa nusu ya ujira pwani na kuahidi nusu ya pili jioni pamoja na bakhshishi. Nahodha alihitaji fedha ile. Mjukuu wake alikuwa amerudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango wa shule, na injini ilikuwa ikikohoa kama mzee mwenye pumu.

Tangu saa kumi na mbili mpaka saa nne walijaribu miamba mitatu iliyo nje ya mipaka. Walitia chambo cha ngisi, wakapata changu watano na chewa mmoja asiyezidi urefu wa mkono kutoka kiwiko. Mgeni akamtazama yule chewa kama atazamavyo mtu barua isiyo na habari aliyoitaraji. Kisha akanyosha kidole kuelekea Mbudya, upande uliotulia.

"Nahodha," akasema, "kila mtu anasema wakubwa wako pale."

"Wako, bwana."

"Basi twende."

"Pale si petu. Pametengwa."

Mgeni akatazama huku na huku. Bahari ilikuwa tupu. Akasema kwa sauti ya kirafiki kuwa hakutaka kuua. Angemvuta mmoja tu, apigwe picha, kisha arudishwe majini akiwa mzima. Yeye angefurahi, samaki angeishi, na nahodha angepata bakhshishi mara mbili. Maneno yale yalikuwa mazuri, na mpwa alimgeukia mjomba wake kwa uso uliokwisha kukubali.

Nahodha akakaa kimya kidogo, mkono wake ukiwa juu ya usukani. "Bwana," akasema, "chewa atokaye pima kumi hafiki juu kama alivyokuwa chini. Pumzi iliyo ndani yake hutanuka, tumbo likavimba, na macho yakamtoka. Ukimwachia huelea kama boya, ndege wakamjia. Wako wanaopona, na wako wasiopona, na mimi siwezi kukuahidi ni yupi utakayemvuta. Huruma ya juu ya maji aghalabu huja imechelewa. Mahali pa kumwonea samaki huruma ni pale unapotia nanga."

Asingaliweza kusema hivyo kama angalikuwa mtu asiye na deni. Alipokuwa mtoto, katika miaka ya 1970, aliwahi kuzamia pamoja na wenzake baada ya mlipuko wa baruti kuokota samaki waliopinduka. Uvuvi ule ulikuwa umekwisha kukatazwa na sheria ya mwaka 1970, lakini amri ilikuwa karatasini na njaa ilikuwa nyumbani, na milipuko iliendelea kusikika katika pwani hii kwa miongo mingi baadaye, mpaka misako mikali ya miaka ya 2010 ilipoipunguza sana. Kwa kila samaki aliyeelea wengine walizama wasionekane, na matumbawe yalivunjika yakawa kokoto. Alikula samaki wale, na walikuwa watamu. Baadaye, alipokuwa nahodha, alirudi na mshipi katika mwamba mmoja wa siku zile, akatia chambo tangu asubuhi mpaka adhuhuri, asipate hata wa kumwibia chambo. Siku hiyo alifahamu kuwa alikuwa amekula akiba ya mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa yeye mwenyewe.

Mgeni hakugomba. Aliomba arudishwe pwani. Walipofika alishukuru kwa adabu, akasema kuwa siku haikutimia kama walivyopatana, akaenda zake bila kutoa nusu ya pili. Siku iliyofuata alionekana akipanda mashua nyingine. Mashua ile ilikwenda wapi, na ilileta nini, hayo ni ya wenyewe.

Mpwa alisafisha changu kwa hasira. "Mjomba," akasema, "tusipomchukua sisi atachukuliwa na wengine. Kuna faida gani?"

Swali hili si la kijana yule peke yake. Huulizwa msituni, sokoni na katika ofisi, na mwenye kuliuliza aghalabu ana njaa ya haki. Haifai kumjibu kwa dharau. Ni kweli kuwa uaminifu wa mtu mmoja haulindi mwamba mzima, na kwamba sheria isiyo na mlinzi humwadhibu mwema kwa kumnyima faida anayoipata mwovu. Mjukuu yule alikaa nyumbani siku sita zaidi. Asifuye wema lazima ataje bei yake pia, ama sifa yake ni udanganyifu.

Lakini liko jambo la pili, nalo ni kweli vilevile. Chewa wachache wa nje ya mipaka, ambao manahodha wote wa Kunduchi hujipatia riziki kwao, hawakushuka kutoka mbinguni. Mayai ya samaki huchukuliwa na mkondo, na mkondo haujui mipaka. Mwamba uliotengwa hutaga kwa ajili ya mwamba usiotengwa. Mzee anenepaye nyuma ya Mbudya ni baba wa changa ambao mpwa atawavua atakapokuwa nahodha, naye hatajua ni kwa sababu ya ukaidi wa nani walikuwako.

Nahodha hakusema yote hayo. Alisema tu, "Faida utaiona wewe, mimi sitakuwapo," akaenda kutafuta fundi wa injini amfanyie kazi kwa mkopo.

Kijana hakujibu. Usiku ule kusi kilivuma kwa nguvu, na vyombo vingi havikushuka majini alfajiri. Mjomba alipofika pwani, kabla jua halijapanda, alimkuta mpwa wake ndani ya mashua amejifunga shuka kwa baridi, akifua maji ya ngama. Ndoana zilikuwa zimekwisha kunolewa, na omo ilikuwa imeelekezwa nje, kwenye miamba mitatu ya jana.