Kamyoneti ya misioni katika Ngomo

Wengi kati yenu mmekwisha kupanda kamyoneti. Mlikaa nyuma juu ya magunia ya mihogo, mkashika kamba, mkala vumbi, na mlipofika mlimshukuru shofere au mlimlaumu. Lakini ni wachache walioketi mbele na kutazama kazi ya mguu wake wa kushoto. Mimi mwenyewe nalisafiri miaka mingi bila kujua kwamba mguu ule una kazi yo yote.

Mwaka 2009 nalikuwa mwalimu mjini Bukavu. Padri mkuu wa parokia yetu alinita baada ya Misa, akaniambia kwamba macho ya Mzee shofere yameanza kufifia, hasa usiku, na kwamba yafaa mtu kijana ajifunze kazi yake kabla hajapumzika. Kamyoneti yenyewe ilikuwa Toyota Hilux ya mazuti, iliyotumika kwanza Japani, ikashushwa katika bandari ya Pwani, ikaletwa kwetu ikiwa na usukani upande wa kuume. Sisi Wakongo twaendesha upande wa kuume wa njia, na kwa hiyo usukani wetu hukaa kwa desturi upande wa kushoto. Mwenye gari la Japani hukaa basi kando kabisa ya njia, wala hawezi kuona mbele ya lori akitaka kulipita. Lazima amwulize aliyeketi kushoto kwake: Njia ni wazi? Na roho za wote zategemea jibu la yule.

Wengine hudhani kwamba katika gari la namna hiyo kila kitu kimegeuzwa. Sivyo. Vikanyagio vitatu havihami: ambreyaji, ambayo watu wa Pwani huiita klachi, iko kushoto, breki katikati, mafuta kuume. Vitesi pia havigeuki: cha kwanza ni mbele kushoto. Bali katika gari la desturi yetu kitesi hicho ni karibu na goti la shofere, na katika gari la Japani ni mbali naye, naye hukitafuta kwa mkono wa kushoto, mkono ambao kwa watu wengi haujui kazi ya namna hiyo. Juma zima la kwanza nalitafuta cha kwanza nikapata cha tatu, na injini ikazimika mbele ya wanafunzi wangu. Walifurahi sana.

Mzee alinieleza jambo lenyewe kwa sahani mbili za bati. Alisema: «Mwalimu, injini huzunguka daima. Magurudumu mara husimama, mara huenda. Ukivifunga viwili hivi pamoja kwa ghafula, kimoja kitamshinda mwenziwe.» Akagandamiza sahani moja juu ya nyingine, akaizungusha ya chini polepole hata ya juu ikaifuata. Ndiyo ambreyaji. Mguu ukikanyaga, sahani zaachana, na waweza kubadili kitesi. Mguu ukipanda, zagusana. Kati ya kuachana na kugusana pana mahali padogo, labda upana wa vidole viwili, ambapo gari laanza kutetemeka kama mbuzi aliyefungwa anayeona majani. Mahali hapo pa kila gari ni tofauti. Katika kamyoneti yetu palikuwa juu sana, kwa sababu sahani ilikuwa imelika. Ndiyo maana shofere mgeni huzima gari la mwenziwe mara mbili au tatu, hata akiwa fundi wa miaka ishirini, wala hapaswi kuchekwa.

Mtihani wangu ulikuwa kiberiti. Mzee alisimamisha gari kwenye mtelemko mkali karibu na kanisa, mbele ikielekea juu, akaweka kasha la kiberiti nyuma ya gurudumu, akasema: «Ondoka.» Kasha la kwanza lilipondwa. La pili vilevile. Kwa la tatu nilishikilia breki ya mkono, nikapandisha mguu mpaka pua ya gari ikainuka kidogo, nikaongeza mafuta, nikaachia breki, tukapanda. Kiberiti kilibaki kizima. Lakini nalikuwa nimekaa mno katika zile sahani zinazosuguana, na harufu kali ikatufikia, harufu kama ya kitambaa kinachoungua. Mzee akanyosha kidole puani, akasema kwamba harufu hiyo ni fedha ya parokia inayochomwa.

Kuna na mambo mengine ambayo hayamo katika kitabu cho chote. Kiti cha mbele chachukua watu watatu, na yule wa katikati hana raha. Kitesi cha pili na cha nne huvutwa nyuma, na fimbo humgonga gotini. Sista mmoja aliyesafiri nasi mara nyingi alijua njia yote ya Bukavu kwa kipimo cha magoti: akisikia injini inalia juu, alikusanya sketi yake na kujisogeza kabla shofere hajanyosha mkono. Wazee wanaokumbuka Peugeot 404, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1960, husema kwamba hiyo ilikuwa na adabu zaidi, kwani fimbo yake ilikuwa chini ya usukani. Tena kamyoneti tupu ni mnyama mwingine kabisa. Springi zake za nyuma, zile za vyuma vilivyopangwa kama majani, zimetengenezwa kwa ajili ya mzigo. Bila mzigo hazikunjiki, na nyuma ya gari hurukaruka juu ya kila jiwe na kuteleza katika matope. Mzee hakukubali kamwe kutoka wakati wa mvua bila magunia matatu ya mchanga nyuma. Watu walituuliza twapeleka mchanga wapi. Hatukuupeleka po pote, ulisafiri tu.

Sasa nifike kwenye safari yenyewe. Mwezi wa Novemba mwaka ule tulitumwa kupeleka madawati katika uwanda wa Ruzizi. Ziwa Kivu liko juu, karibu meta 1,460 juu ya bahari, na Ziwa Tanganyika liko chini, karibu meta 770. Mto Ruzizi hutoka la kwanza na kuingia la pili, ukianguka kwa kelele katika makorongo yake. Njia ya kwenda Uvira yapaswa kushuka vilevile, lakini haina ujasiri wa mto. Hiyo hupita kwanza vilimani, katika migomba na mashamba ya Nyangezi, kama kwamba haijui kinachoingoja, halafu yafika Ngomo. Hapo nchi yakatika. Upande wa kuume ni ukuta wa mlima, upande wa kushoto ni hewa tupu, na mbali chini waona uwanda mweupe kwa joto, mto unaometameta, na milima ya Rwanda na ya Burundi ng'ambo. Siku zile njia ilikuwa ya udongo na mawe, na mahali pengi malori mawili hayakuweza kupishana.

Juu ya mtelemko Mzee aliniamuru nisimame. Akaniuliza: «Ukipanda hapa na madawati haya, utatumia kitesi cha ngapi?» Nikajibu: «Cha pili, Mzee, na pengine cha kwanza.» Akasema: «Basi, shuka kwa hicho hicho.» Nami nikashuka kwa cha pili, mguu mbali na mafuta, injini ikinguruma na kulishika gari kama mtu anavyomshika ng'ombe mkia. Breki niligusa katika kona tu, nikaachia tena, ili zipate kupoa. Wako mashofere wanaoweka gari katika gia huru, wengine hata huzima injini, wapate kubakiza mazuti ya kuuza. Hawajui, au hawataki kujua, kwamba nguvu inayousaidia mguu kukandamiza breki hutoka kwa injini. Injini ikizimwa, kikanyagio huwa kigumu kama jiwe baada ya kukanyagwa mara chache. Katika kona moja tuliona msalaba wa mti, na chini kabisa bati lenye kutu lililokuwa zamani mlango wa lori. Mzee akavua kofia. Sikuthubutu kuondoa mkono wangu usukanini nifanye ishara ya Msalaba, niliifanya moyoni.

Tulifika Kamanyola mchana, tukaendelea katika uwanda, tukashusha madawati. Tulikusudia kulala. Lakini jioni katekista wa kijiji alikuja mbio na muuguzi wa zahanati. Mke wake alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu siku ya pili, mtoto amelala vibaya, na muuguzi alisema wazi kwamba asipopasuliwa usiku ule hawatapona, mama wala mtoto. Gari jingine halikuwako. Wingu jeusi lilikuwa limekwisha kufunika mlima. Mzee alitazama wingu, akatazama macho ya katekista, akanipa ufunguo. Tukamlaza mama nyuma juu ya godoro, kati ya magunia ya mchanga, chini ya turubai, pamoja na mumewe na mama mkwe, ambaye alianza Rozari kabla hatujaondoka.

Mvua ilitupata mwanzo wa mpando. Tulishusha fimbo ndogo ya pili, ile ya kuvuta kwa magurudumu manne na kwa nguvu ya polepole, tukapanda vizuri. Sasa korongo lilikuwa kuume, chini ya dirisha langu. Nusu ya mlima tulikuta lori limekwama. Nikasimama, nikakanyaga ambreyaji, na mguu wangu ukaenda mpaka chini kama umekanyaga pamba. Nikakanyaga tena. Kitu hakuna. Injini ikaruka, ikazimika.

Mzee aliingia chini ya gari na taa, akatoka na matope mgongoni na vidole vyenye mafuta. Ambreyaji ya gari lile husukumwa kwa mafuta yale yale ya breki katika bomba jembamba, na mpira mdogo wa ndani ulikuwa umepasuka. Kijana mmoja wa lori alitoa shauri la maji ya sabuni. Mzee akakataa, akasema maji hula chuma, tena yatapitia tundu lile lile. Wakati huo tulisikia kilio cha mama kutoka chini ya turubai, kisha kimya, na kimya kile kilituogopesha kuliko kilio.

Watu wa lori walichimba ukingo wa mlima kwa majembe mpaka pakawa na nafasi. Mzee akaketi katikati, magoti pembeni kama yule sista, akaniambia kwa sauti ya chini kabisa: «Mwalimu, kiberiti sasa hakipo. Weka cha kwanza injini ikiwa imezimwa. Achilia mguu wa kushoto, uusahau. Washa.» Nikageuza ufunguo. Demareri ikalivuta gari lote, na mama, na mchanga, tukaruka mbele kama chura, na injini ikashika. Hatukuwa na njia ya kusimama tena isipokuwa kuzima. Tulipanda hivyo kitesi cha kwanza, mwendo wa mtu anayetembea, karibu saa nzima. Katekista alishuka mara mbili, akatembea mbele na tochi kuonyesha ukingo wa njia, kwa maana taa zetu katika mvua hazikuonyesha ila mvua.

Juu, kwenye nchi iliyo sawa, yalibaki mambo ya kufundishwa. Twende kwa kitesi cha kwanza mpaka Bukavu, mama atakufa njiani. Tulisimama kwa kuzima, tukarudisha ile fimbo ndogo mahali pake, tukawasha tena kwa kuruka. Mzee akaweka mkono wake juu ya wangu. «Ongeza mafuta. Achia. Sasa vuta.» Fimbo ikatoka laini katika kitesi. «Ngoja. Sikiliza injini inavyoshuka. Ngoja. Sasa.» Na cha pili kikaingia chenyewe, bila kelele, kwa sababu meno ya sanduku yalikuwa yakizunguka kwa mwendo mmoja. Cha tatu nilikosea: meno yakalia kwa ukali hata mama mkwe akapiga turubai na kuuliza kama tumekufa. Mara ya pili nalisikiliza vema, kikaingia.

Tulifika mlangoni pa hospitali kabla ya saa sita za usiku. Nikavuta fimbo katika gia huru, nikabana breki, nikasikia mikono yangu inatetemeka. Masista walimchukua mama mara moja. Kabla ya alfajiri katekista alitoka, akasimama mbele yetu bila kusema neno, kisha akasema: «Ni msichana. Mama yake amelala.» Mtoto alikuwa amechoka sana, nao walimtunza juma mbili kabla ya kumruhusu kurudi uwandani. Amebatizwa Kristofina, kwa ajili ya msimamizi wa wasafiri, ingawa muuguzi alitaka jina lingine.

Asubuhi nilimkuta Mzee tena chini ya kamyoneti, kofia juu ya gurudumu. Alinionyesha ule mpira uliopasuka. Haukuwa mkubwa kuliko pete ya kidole. Akanitia mkononi noti chache, akanituma sokoni kwa muuza vyombo vya magari, nikachukue mpya, na akaniita tena nilipokuwa nimekwisha kuvuka njia, akaniambia ninunue miwili.