Karata Ndogo Yenye Turufu

Kwetu Marangu, msimu wa kuchuma kahawa ukiisha, vijana hucheza karata kwenye kibaraza cha duka. Mimi hupenda kuwatazama, kwani mchezo huo hunifundisha mambo mawili.

Kwanza, lugha. Karata, turufu, kopa, shupaza, pau na uru ni maneno yaliyotoholewa kutoka Kireno. Uru hii ni dhahabu ya Wareno, haihusiani na Uru yetu ya Moshi.

Pili, maisha. Mwaka 1993 Mmarekani Richard Garfield alitoa mchezo uitwao Magic: The Gathering. Humo baadhi ya karata huchapishwa chache makusudi, hivyo mwenye fedha hujikusanyia zile adimu. Karata zetu 52 ni tofauti: kila moja ipo mara moja tu. Kopa ikiwa turufu, mbili ya kopa humla mfalme wa shupaza, pamoja na taji lake.

Kaka yangu husema sisi wa shule za kata ni karata ndogo. Mimi humjibu kwamba picha haishindi mchezo. Katika mtihani wa taifa, maswali ni yaleyale kwa watahiniwa wote. Anayezijua kanuni ndiye hula.